Mzazi, mashine ya kukimbilia inaweza kukuongezea kasi

Februari 26, 2000, mjini Columbia katika jimbo la South Carolina, Marekani, mwanamke wa miaka 37 alivuka mstari wa mwisho wa marathoni mbele ya wenzake wote. Zilikuwa mbio za kuchagua wawakilishi wa nchi hiyo katika Olimpiki ya Sydney. Mshindi, Christine Clark, alikuwa daktari wa patholojia na mama wa watoto wawili. Hakuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, lakini alimaliza kwa saa 2, dakika 33 na sekunde 31.

Kilichowashangaza wengi zaidi ni mahali alipojiandalia. Clark aliishi Anchorage, Alaska, ambako wakati wa baridi barabara hujaa barafu na jua huonekana kwa saa chache tu. Sehemu kubwa ya mazoezi yake aliyafanyia ndani, juu ya mashine ya kukimbilia. Miezi saba baadaye alikwenda Sydney, akamaliza wa 19 na kuboresha muda wake hadi saa 2, dakika 31 na sekunde 35.

Sisi hatuna barafu, lakini tuna vikwazo vyetu. Kuna giza la alfajiri ambalo mama hawezi kukimbia ndani yake peke yake bila hofu. Kuna mvua za masika, barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinazopita kila upande, na foleni inayokufikisha nyumbani watoto wakiwa wameshakula. Mzazi anayetaka kujiandaa kwa mbio za kilomita 5, 10 au 21 hujikuta hana muda wala mahali.

Ndiyo maana mashine ya kukimbilia, ambayo wengine huiita tredimili, imekuwa kimbilio la wazazi wengi kwenye jimu na hata majumbani. Tatizo ni kwamba wengi hupanda, huweka kasi ileile ya jana, hukimbia nusu saa wakitazama televisheni, kisha hushuka. Baada ya miezi sita wanashangaa kwa nini muda wao haujapungua hata dakika moja.

Jibu ni rahisi. Mwili hujifunza kile unachoufundisha. Ukiukimbiza kwa kasi moja kila siku, utaizoea kasi hiyo na kubaki hapo. Ili uongeze kasi unahitaji mpango, na mpango wenyewe hauhitaji zaidi ya siku tatu kwa wiki.

Mashine ina faida gani?

Faida ya kwanza ni kwamba haidanganyiki. Barabarani, mkimbiaji asiye na uzoefu huanza kwa nguvu, huchoka katikati na humaliza akijikokota. Juu ya mashine, mkanda unakwenda kwa kasi uliyoichagua na haupungui mpaka wewe uupunguze. Miguu inajifunza kushika kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ni nusu ya ujuzi wa kukimbia.

Ya pili ni mwinuko. Anayeishi sehemu tambarare kama maeneo mengi ya Dar es Salaam hana mlima wa kufanyia mazoezi karibu na nyumbani. Kwenye mashine, kitufe kimoja kinakupa kilima cha asilimia 5, na kingine kinakirudisha chini. Kupanda hujenga nguvu ya mapaja, makalio na ndama za miguu, na nguvu hiyo ndiyo inayousukuma mwili mbele hata kwenye tambarare.

Ya tatu ni kipimo. Unajua umekimbia kasi gani, kwa dakika ngapi, na wiki iliyopita ulifanya nini. Madaktari wa moyo waliligundua hilo mapema. Mwaka 1963, Dk Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alichapisha utaratibu wa kupima moyo ambapo mgonjwa hutembea kwenye mashine huku kasi na mwinuko vikiongezwa kila baada ya dakika tatu. Kipimo hicho bado kinatumika hospitalini. Mkimbiaji anayejiongezea mzigo hatua kwa hatua anafuata kanuni hiyohiyo.

Mfano mwingine wa kutia moyo ni Ingrid Kristiansen wa Norway, ambaye naye alikimbia kwenye mashine wakati wa baridi kali ya kwao. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 1983. Mwaka 1985 mjini London aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake ya saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13, mpaka Tegla Loroupe wa Kenya alipoivunja mjini Rotterdam mwaka 1998.

Kabla hujapanda

Kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au umewahi kupata maumivu ya kifua wakati wa kupanda ngazi, muone daktari kwanza. Vivyo hivyo kama umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Mama aliyejifungua karibuni asijipime na Kristiansen, ambaye alikuwa mwanariadha wa kiwango cha dunia. Mwaka 2019 wataalamu wa tiba ya viungo nchini Uingereza walitoa mwongozo unaoshauri mama asubiri angalau miezi mitatu baada ya kujifungua kabla ya kurudi kukimbia. Hata hapo aangalie kama mkojo unavuja, kama anasikia uzito sehemu za siri, au kama ana maumivu ya nyonga. Akiona dalili hizo, aendelee kutembea na atafute ushauri. Aliyejifungua kwa upasuaji azungumze na daktari wake kabla ya kuanza.

Kama kwa sasa huwezi kukimbia dakika 20 mfululizo, hata polepole, usianze na kasi. Tumia wiki sita za mwanzo kuchanganya kutembea na kukimbia mpaka ufike hapo. Kasi hujengwa juu ya msingi, na asiye na msingi huishia kuumia magoti au mifupa ya mbele ya miguu.

Ijue kasi yako ya sasa

Chagua siku ambayo umelala vizuri. Weka mwinuko wa asilimia 1. Watafiti wawili wa Uingereza, Andrew Jones na Jonathan Doust, walionyesha mwaka 1996 kwamba mwinuko huo mdogo unafidia upepo ambao mkimbiaji hukutana nao nje. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwa wanaokimbia kasi kubwa, lakini ni vizuri kuzoea tangu mwanzo.

Pasha mwili joto kwa dakika 10, kwanza kwa kutembea haraka kisha kwa kukimbia taratibu. Halafu kimbia kilomita 5 kwa juhudi nzuri ambayo unaweza kuishika mpaka mwisho. Andika muda wako kwenye daftari au kwenye simu.

Tuseme umetumia dakika 35. Hiyo ni sawa na kilomita 8.6 kwa saa, na ndiyo tutakayoiita kasi yako ya sasa. Kwa kumbukumbu, kilomita 8 kwa saa ni dakika 7 na sekunde 30 kwa kila kilomita. Kilomita 9 kwa saa ni dakika 6 na sekunde 40. Kilomita 10 kwa saa ni dakika 6 kamili, na kilomita 12 kwa saa ni dakika 5.

Ona hesabu hii. Ukipanda kutoka kilomita 8.6 hadi 9 kwa saa, kilomita zako 5 zitakwisha kwa dakika 33 na sekunde 20. Mabadiliko ambayo kwenye kioo cha mashine yanaonekana madogo mno yamekuokolea zaidi ya dakika moja na nusu. Ndiyo maana hakuna haja ya kubonyeza kitufe cha kasi kwa pupa.

Siku tatu za wiki

Siku ya kwanza ni ya vipande vya kasi. Pasha mwili joto dakika 10. Kisha kimbia dakika 2 kwa kasi yako ya sasa ukiongeza kilomita 1 kwa saa. Kwa mfano wetu hiyo ni 9.6. Baada ya hapo tembea au jikokote dakika 2. Rudia. Katika kila kipande unapaswa kuwa na uwezo wa kutamka maneno matatu au manne tu, lakini usifike mahali pa kuhema kama unayezama. Malizia kwa dakika 5 za kutembea.

Siku ya pili ni ya kilima. Baada ya kupasha mwili joto, weka mwinuko wa asilimia 5 na punguza kasi iwe chini ya kasi yako ya sasa kwa kilomita 1 hadi 2 kwa saa. Kimbia dakika 1, kisha shusha mwinuko na tembea dakika 2. Piga hatua fupi, inua magoti, na tazama mbele badala ya kutazama miguu.

Siku ya tatu ni ya polepole. Kimbia dakika 30 hadi 45 kwa mwendo ambao ungeweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatisha. Wengi huidharau siku hii, lakini hapo ndipo moyo unapojifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo na misuli inapozoea kutumia hewa vizuri. Ikiwezekana, ikimbie nje, Jumamosi au Jumapili asubuhi kukiwa kumepambazuka.

Usipange siku ya vipande na ya kilima zifuatane. Acha angalau siku moja katikati, kwa sababu mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni mpangilio unaowafaa wazazi wengi. Siku mbili za mwanzo hazizidi dakika 40 kila moja, na kwa kuwa mwanzoni marudio ni machache, wiki za mwanzo zitakuwa fupi zaidi.

Wiki nane za mpango

Wiki ya 1 na ya 2, fanya vipande 4 siku ya kwanza na vilima 4 siku ya pili. Wiki ya 3, panda hadi vipande 5 na vilima 6. Wiki ya 4 ni ya kupumua, yaani kimbia polepole mara mbili tu, hata kama unajisikia una nguvu.

Wiki ya 5 na ya 6, fanya vipande 6 na vilima 8. Wiki ya 7, badili siku ya vipande. Kimbia dakika 6 mara tatu kwa kasi yako ya sasa ukiongeza nusu kilomita kwa saa, ukitembea dakika 2 katikati. Wiki ya 8, fanya zoezi moja jepesi mwanzoni mwa wiki, pumzika siku mbili au tatu, kisha rudia kipimo cha kilomita 5.

Fanya kipimo kwenye mashine ileile. Mashine mbili zinaweza kuonyesha kasi moja huku mikanda yake ikienda tofauti, hasa zile za zamani. Ukibadili mashine unaweza kudhani umeongeza kasi, au ukavunjika moyo bure.

Wiki ambayo mtoto ameugua au kazi imekuzidi, usijaribu kulipa deni kwa kurundika mazoezi mwisho wa wiki. Rudia wiki uliyoishia. Mpango wa wiki nane ukimalizika kwa wiki kumi, bado umemalizika.

Makosa yanayokula kasi yako

Kosa la kwanza ni kushika vyuma vya pembeni wakati wa kukimbia. Ukivishika, mikono inabeba sehemu ya uzito wako na namba inayoonekana kwenye kioo si juhudi yako halisi. Ikiwa huwezi kukimbia bila kushika, punguza kasi. Vyuma ni vya kupandia, kushukia na kujiokoa.

Kosa la pili ni kurusha hatua ndefu mbele ya mwili. Kisigino kikitua mbali na wewe, kinafanya kazi ya breki na goti linapokea kishindo. Fupisha hatua na uzifanye za haraka. Sikiliza mlio wa miguu yako. Ukisikia inapiga kama nyundo, ujue unatua vibaya.

Kosa la tatu ni kusahau joto. Nje, upepo unaokupiga unakausha jasho na kuupoza mwili. Ndani umesimama sehemu moja na joto linabaki nawe. Weka feni mbele yako, kunywa maji kabla na baada, na siku ya joto kali punguza kasi bila kuona aibu.

Kosa la nne ni simu. Kujibu ujumbe huku mkanda unakwenda ni kuomba kuanguka. Bana kamba ya usalama kwenye nguo yako ili ukiteleza mashine izime yenyewe. Kumbuka pia kwamba umeme wetu hukatika bila hodi, na Luku nayo huisha. Kwa hiyo usikimbie kwa kasi ambayo huwezi kuihimili mkanda ukisimama ghafla.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa namna usiyoizoea, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama na utafute msaada wa daktari siku hiyohiyo. Kuyumba kidogo unaposhuka ni jambo la kawaida, kwa sababu ubongo ulishazoea sakafu inayotembea. Tembea taratibu dakika chache kabla ya kushuka.

Mashine haiwezi kukupa kila kitu

Barabara ina kona, mashimo, upepo, mteremko na watu. Mashine nyingi haziteremki, na kuteremka ndiko kunakochosha misuli ya mbele ya mapaja siku ya mashindano. Anayejiandaa kwa mbio zenye milima kama Kilimanjaro Marathon mjini Moshi ahakikishe anakimbia nje angalau mara moja kwa wiki, na katika mwezi wa mwisho aongeze iwe mara mbili. Huko nje pia ndiko utakakojifunza kuipima kasi yako bila namba zinazowaka mbele ya macho.

Kama mashine iko nyumbani

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa makini kuliko mkimbiaji mwingine yeyote. Mei 2009, binti wa miaka minne wa aliyekuwa bingwa wa ngumi duniani, Mike Tyson, alifariki dunia mjini Phoenix, Marekani, baada ya kunaswa na kamba iliyokuwa ikining'inia kwenye mashine ya kukimbilia nyumbani kwao. Mwaka 2021, mashine zipatazo 125,000 aina ya Tread+ za kampuni ya Peloton ziliondolewa sokoni nchini humo baada ya ajali kadhaa, ikiwamo kifo cha mtoto.

Ajali nyingine hazifiki kwenye magazeti. Mtoto mdogo huvutiwa na mkanda unaokwenda, hunyoosha mkono, na ngozi ya kiganja inaungua kwa msuguano ndani ya sekunde chache. Majeraha hayo huweza kuhitaji upasuaji, na mtoto huwa na makovu yanayomzuia kunyoosha vidole.

Kwa hiyo weka utaratibu usio na mjadala. Mashine ikae kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Nyuma yake pabaki nafasi ya angalau mita 2 bila ukuta wala kochi, ili anayeanguka asibanwe kati ya mkanda na kitu kigumu. Ukimaliza, chomoa waya ukutani, toa ufunguo wa usalama na uuweke juu mahali ambapo mtoto hafiki. Kamba zote zikunjwe zisining'inie. Usivae vitu vya masikioni kama uko peke yako na watoto ndani ya nyumba, kwa sababu hutamsikia aliyeingia nyuma yako. Na dada wa kazi aelezwe sheria hizi kama wewe unavyozijua.

Watoto wenyewe hawahitaji mashine ili wawe na kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Rede, mpira, kuruka kamba na kukimbizana vinatosha, na vinawafunza kugeuka, kusimama na kuanza tena, mambo ambayo mkanda hauwezi kuwafundisha.

Kwa mtu mzima, shirika hilo linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Ukifuata mpango huu wa siku tatu na ukatembea kwa miguu katika shughuli zako za kila siku, utakuwa umekifikia kiwango hicho bila kuiba muda wa familia.

Basi wiki hii anza na jambo moja tu. Fanya kipimo cha kilomita 5, andika muda wako, na uweke tarehe ya wiki nane zijazo kwenye kalenda ya nyumbani mahali ambapo watoto wanaiona. Wao hawatasahau kukuuliza umefikia wapi.